Si Kuondoka kwa Kipa Kulikoiangusha Bandari

Dirisha la usajili likifunguliwa, maskani za Mtongwe, Chaani na Mlaleo hugeuka kamati za ufundi. Nani aje, nani aachiliwe, fulani mbona kachukuliwa na Tusker nasi tunaangalia tu. Mashabiki wa Bandari wa upande wa bara wana kila haki ya kubishana. Wao ndio wanaopanda feri Likoni, wanaopita Makupa na wanaovuka daraja la Nyali kwenda uwanja wa Mbaraki kuitazama timu ambayo haijawahi kutwaa ubingwa wa ligi kuu. Tangu klabu ya Feisal iutwae mwaka 1965, ubingwa huo haujarudi Mombasa.

Ubishi huu, uanzie popote, hufika msimu wa 2019/20. Hapo ndipo timu iliyokuwa ikiunyemelea ubingwa ilipoporomoka, na wengi huufunga mjadala kwa sentensi moja: tulimwacha Faruk Shikhalo akaenda Yanga, mambo yakaharibika. Mimi hukumu hiyo siikubali. Kipa aliondoka, ni kweli, na pengo lake lilionekana. Lakini timu ile ilikuwa imechoka kabla hajafunga begi lake, na hakuna usajili ambao ungeiokoa kwa wiki chache zilizokuwa zimebaki kabla ya msimu mpya.

Tukumbuke kwanza Bandari ilikuwa timu ya aina gani. Ilimaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia mwaka 2018, na msimu wa 2018/19 ikashika nafasi hiyo hiyo. Januari 2019 ilikwenda Dar es Salaam kwa Kombe la SportPesa, ikaitoa Singida United, ikaifunga Simba 2-1 nyumbani kwao, kisha ikapoteza fainali 1-0 mbele ya Kariobangi Sharks. Bao hilo moja ndilo lililowapa Sharks nafasi ya kucheza na Everton Kasarani mwezi Julai. Tarehe 1 Juni vijana wa Mbaraki wakalipa kisasi: 3-1 dhidi ya Sharks hao hao katika fainali ya Ngao, kombe la mtoano la Kenya, na tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika ikapatikana. Kocha Bernard Mwalala hakuwa na kikosi cha majina makubwa. Alikuwa na kikosi kilichozoeana: Felly Mulumba na Bernard Odhiambo nyuma, Abdalla Hassan, Shaban Kenga, William Wadri na Yema Mwana mbele yao. Ukiwatazama ulikuwa unajua nani atamwachia nani mpira kabla hajauachia.

Sasa tuchukue kalenda, maana jibu limo humo.

Shirikisho la soka la Afrika liliamua mwaka 2017 kwamba mashindano ya vilabu yaache kufuata mwaka wa kalenda, yaende Agosti hadi Mei kama Ulaya. Ligi ya Kenya ikalazimika kujipanga upya. Msimu wa 2018 ukaisha Oktoba, na msimu uliofuata ukaanza Desemba 2018 na kumalizika mwishoni mwa Mei 2019. Vilabu vilikuwa 18, kila kimoja na mechi 34. Gawa siku kwa mechi: ni mechi moja kila siku tano hivi, karibu miezi sita mfululizo. Hapo bado hujaongeza mechi tatu za Dar ndani ya wiki moja, wala za Ngao hadi fainali.

Kwa klabu ya Nairobi ratiba hiyo ni ngumu. Kwa Bandari ilikuwa ngumu zaidi, na jambo hili halisemwi vya kutosha. Katika ligi ile Bandari ndiyo iliyokuwa klabu pekee ya Pwani. Timu ya Nairobi hucheza mechi nyingi za ugenini bila kutoka mjini, mchezaji akalala kwake usiku huo huo. Mechi 17 za ugenini za Bandari zote zilikuwa za safari: Nairobi kama kilomita 480, kisha Kericho kwa Zoo, Awendo kwa SoNy, Kakamega kwa Homeboyz. Baada ya dakika 90 misuli huhitaji kama saa 72 ili irudi sawa. Toa siku ya kwenda na siku ya kurudi katika zile siku tano, uone kocha amebakiwa na nini. Amebakiwa na zoezi moja, pengine mawili, na hayo atayatumia kuwaandaa wachezaji kwa mpinzani anayefuata.

Kinachokatwa kwanza katika hali kama hiyo ni kazi ya mchezaji mmoja mmoja. Beki wa kushoto ambaye mguu wake wa kulia ni wa kusimamia tu hapati zile nusu saa zake za kuupigisha mpira mguu huo. Winga anayekimbia vizuri lakini krosi zake zinamgonga beki wa kwanza hapati mtu wa kusimama naye pembeni akamrekebisha mguu wa kusimamia, bega na wakati wa kuinua kichwa. Vitu hivi ni vidogo na vinachosha kuvitazama, na ndivyo vinavyomtoa mchezaji hatua moja hadi nyingine. Bandari ilishinda mechi nyingi miezi ile, lakini muda wa kuwakuza wachezaji wake haikuupata. Ilitumia akiba iliyokuwa nayo mpaka ikaisha.

Turudi kwa kipa. Juni 2019 Shikhalo alikuwa Misri na Harambee Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, na Julai akahamia Yanga. Bandari ikamleta Justin Ndikumana kutoka Sofapaka, kipa wa kimataifa wa Burundi aliyekuwa ameshaizoea ligi yetu. Kama usajili, huo ulikuwa mzuri: mtu wa hadhi ile ile, asiyehitaji kufundishwa viwanja vya Kenya vikoje. Wanaosema klabu ilizembea hapo wanaionea.

Hata hivyo kubadilisha kipa kuna gharama isiyoandikwa kwenye mkataba. Tazama krosi moja tu. Mpira umepigwa kutoka kulia, unashuka kati ya boksi dogo na alama ya penalti. Beki wa kati ana chini ya sekunde moja ya kuamua: aruke, au aache kwa sababu kipa anakuja? Aliyecheza na kipa mmoja muda mrefu hasubiri sauti, anajua. Kipa mwingine huanza hatua mbili nyuma, hupenda kubaki mstarini, na beki akiacha kwa mazoea ya zamani, mshambuliaji anapiga kichwa peke yake. Baadaye tunasema kipa kakosea, au beki kalala, kumbe wote wawili wamefanya walichozoea. Dawa yake ni mazoezi ya pamoja wiki baada ya wiki, krosi kutoka kila upande hadi beki na kipa waelewane.

Wiki hizo Bandari haikuwa nazo. Fainali ya Ngao ilichezwa Juni 1, na Agosti tayari ilikuwa uwanjani na Al-Ahly Shendi ya Sudan. Mwisho wa Agosti ligi ikaanza. Septemba ikaja Ben Guerdane ya Tunisia, nayo ikatolewa, kazi kubwa ambayo haijasifiwa inavyostahili. Horoya ya Guinea ndiyo iliyowazuia katika mechi za mchujo, hatua moja kabla ya makundi. Na mechi za nyumbani za Afrika zilichezwa Kasarani, kwa kuwa Mombasa haikuwa na uwanja wa kukubalika. Ule wa Manispaa ulikuwa umebomolewa ujengwe upya. Shabiki wa Likoni aliyetaka kuiona timu yake ikicheza nyumbani alipaswa kuvuka feri, kufika Miritini, kupanda treni na kulala Nairobi. Wachezaji nao walisafiri kwenda nyumbani. Hili linaniuma kuliko habari ya kipa, maana mji wa bandari kubwa kuliko zote Afrika Mashariki ulishindwa kuipa timu yake nyasi na taa.

Kabla msimu huo haujafika mwisho Mwalala alikuwa ameondoka. Machi 2020 korona ikasimamisha ligi, na Gor wakatangazwa mabingwa mwezi uliofuata.

Kambi nyingine ya mashabiki husema dawa ilikuwa kununua. Agosti 2019 SportPesa ilijiondoa katika udhamini wa michezo nchini, na vilabu vingi vikabaki bila mishahara. Bandari, ambayo nyuma yake ni Mamlaka ya Bandari (KPA), ilikuwa miongoni mwa vichache vyenye uhakika wa kulipa, kwa hiyo soko lilikuwa wazi kwake. Hoja hiyo ina nguvu, lakini anayekuja Septemba hupumzisha miguu ya wengine kuanzia Desemba, baada ya kuzoea. Alipaswa kuwa ndani ya kikosi mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 19, akipewa dakika 20 leo na 30 kesho.

Wanaopenda kikapu hutoa mfano wa Nairobi City Thunder, waliopata wawekezaji, wakasajili, wakatawala ligi, na mwaka 2025 wakawa timu ya kwanza ya Kenya kucheza Ligi ya Kikapu ya Afrika. Mfano ni mzuri, ila kikapu kina watu watano uwanjani. Ukileta mmoja aliye bora umebadilisha moja ya tano ya timu, na huyo mmoja anaweza kushika mpira kila shambulio. Katika soka umebadilisha moja ya kumi na moja, na anaweza kukaa dakika kumi bila kuugusa. Wanachoweza kutufundisha wenzetu wa kikapu, wakiwemo wale wa KPA pale Makande, ni thamani ya kumfanyia kazi mchezaji mmoja kwa muda mrefu. Mtazameni Madina Okot. Alipita Kaya Tiwi, shule ya Kwale, mwendo mfupi ukishatoka Likoni, na kikapu alikianza akiwa tayari msichana mkubwa. Akaenda Chuo Kikuu cha Zetech, akafika Mississippi State nchini Marekani msimu wa 2024/25, na mwaka 2025 South Carolina ikamchukua. Urefu alizaliwa nao. Namna ya kusimama chini ya kikapu na kumzuia mpinzani asipite alifundishwa, na ilianza kwa walimu wa shule ya Pwani.

Kijana wa soka wa Likoni ana nini cha kufanana na hicho? Ana uwanja wa vumbi, ligi ya mtaani, na kocha wa kujitolea. Akiitwa majaribio Mbaraki ni nauli, foleni ya feri, na siku moja ya kuonekana kati ya vijana wengi. Wa Kisauni na wa Changamwe hali ni hiyo hiyo. Klabu ikitaka kuwakuza iwafuate walipo: kocha mmoja wa vijana Likoni, mmoja Kisauni, mmoja Changamwe, wenye mshahara na ratiba ya wiki nzima, na kocha wa makipa anayezunguka kote. Hata bei ya mkataba wa mshambuliaji mmoja wa kigeni ingekwenda mbali katika kazi hiyo.

Na vilabu vya mitaani navyo viandikishe watoto rasmi. Sheria ya FIFA inasema mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia tano ya ada hugawiwa vilabu vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23. Klabu isiyo na karatasi haipati kitu, hata kama mtaa mzima unajua kwamba mtoto ni wao.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa bara, dirisha lijalo likifunguliwa msianze na nani aje. Muulizeni mwenyekiti vijana wa chini ya miaka 20 walicheza dakika ngapi msimu uliopita, na ni wangapi wametoka ng'ambo ya Likoni, Makupa na Nyali. Msikubali kuondoka bila takwimu hizo.