Mtemi Nyaso na Mashine ya Kutafsiri

Siku hizi mwanafunzi wa theolojia aweza kuandika historia ya usharika wake kwa Kiswahili, kisha akaiachia programu ya kompyuta kazi ya kuitafsiri kwa Kiingereza. Wepesi huo ni wa kushukuriwa, lakini yatupasa kuupima.

Kiswahili, kilichofika Tabora pamoja na misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo, hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika kitenzi. Tukisema "alitawala Unyanyembe", hatujataja jinsia. Kiingereza huidai, na mashine isipoambiwa hujichagulia. Nayo mara nyingi huchagua mwanamume. Lakini baada ya Mtemi Isike kufa akipigana na Wajerumani mwezi Januari 1893, aliyewekwa kutawala Unyanyembe alikuwa Nyaso, mwanamke. Hivyo sentensi iliyo kweli kwa Kiswahili yaweza kugeuka uongo katika kutafsiriwa, bila mtu yeyote kukusudia kudanganya.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2018 watafiti wa Brazili walitoa matokeo ya kuijaribu Google Translate kwa sentensi za majina ya kazi katika lugha 12 zisizobagua jinsia, Kiswahili kikiwamo. Mashine ilielekea mno upande wa kiume, hasa katika kazi za sayansi na uhandisi. Wapo wasemao kwamba mashine ni kioo tu cha jamii. Hoja hiyo haitoshi, kwa maana watafiti hao waliona kwamba upendeleo wake ulizidi hata tofauti iliyopo kati ya wanaume na wanawake katika kazi zenyewe.

Hata hivyo, tusiilaumu mashine peke yake. Katika Warumi 16:7 Mtume Paulo anawasalimu Androniko na Yunia. Yohana Krisostomo, aliyehubiri katika karne ya 4, alimsifu Yunia akimtambua kuwa mwanamke. Martin Luther, katika Biblia yake ya Kijerumani, alimwandika kama mwanamume. Toleo la Biblia hiyo lililosahihishwa mwaka 2017 limemrudishia jina la kike. Basi hata Mwanamatengenezo wetu alianguka katika kosa hilohilo bila kompyuta. Na Kanisa halikuona haya kulisahihisha.

Kanisa letu limewabarikia wanawake kuwa wachungaji tangu miaka ya 1990. Katika Kiswahili, "mchungaji alibatiza" huwahusu wao sawasawa na wanaume. Tukiiachia mashine kumbukumbu zetu, msomaji wa kesho atadhani kwamba kila aliyebatiza, aliyefundisha na aliyeanzisha mtaa alikuwa mwanamume. Kwa hiyo mwandishi na ataje majina. Na mtafsiri, kila akutapo neno lisilo na jinsia, na aulize kwanza: huyu alikuwa nani? Mashine haiulizi swali hilo. Sisi tumeitwa kumjua kila kondoo kwa jina lake.