Negeri 5 Menara na Swali la Mama

Riwaya hii ya Ahmad Fuadi wa Indonesia, ambayo jina lake ni "Nchi ya Minara Mitano", ilitoka mwaka 2009, na mwaka 2012 ikafanywa filamu. Tunaihakiki hapa kwa kuwa inasimulia maisha ya mwanafunzi wa chuo cha dini cha bweni, katika nchi ambayo, kama pwani yetu, hufuata madhehebu ya Imam Shafi na kusomesha Safinatun Najaa.

Alif, kijana wa Maninjau, anataka shule ya serikali. Mama yake anakataa. Hoja yake ni nzito: watoto hodari hupelekwa shule za dunia, na walioshindikana ndio huletwa kwa masheikh, basi wanavyuoni watatoka wapi? Yeye anamtaka mwanawe awe kama Hamka, mwanachuoni wa huko huko kwao. Ndugu msomaji, tujiulize wangapi kati yetu tumefanya kama anavyolalamika mama huyu.

Alif anapelekwa Jawa Mashariki, katika Pondok Madani, jina la kubuni la Gontor, chuo kilichoasisiwa mwaka 1926 na alichosoma mtunzi mwenyewe. Huko mwanafunzi hulazimishwa kuzungumza Kiarabu na Kiingereza. Jambo jema, na laiti vyuo vyetu vingefanya hivyo. Lakini anayevunja kanuni hupewa adhabu ya kuwa jasusi: awanase wenzake na kuwashitaki. Mtunzi anasimulia haya kwa ucheshi. Sisi hatukucheka. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat imekataza tajassus, neno la shina moja na hilo jasusi. Atasema mtu kwamba ni taadibu tu ya watoto. Sawa, mwalimu ana haki ya kuadibu, ila hapa mtoto anafundishwa kutafuta aibu ya nduguye ili aokoke yeye.

Riwaya inafunguka Washington, Alif akiwa mwandishi wa habari. Kazi ya halali, na umma unaihitaji. Lakini mama hakuomba mwandishi wa habari, na mtunzi hakulirudia swali lake ipasavyo. Aliyelijibu ni Baso, yatima wa Sulawesi, anayeacha chuo kabla ya kuhitimu ili amtunze bibi yake na akamilishe kuhifadhi Qur'ani. Sura hiyo tuliisoma mara mbili.