Hesabu ya Kila Mtoto Aliyezaliwa Hai

Mama haulizwi kwa mkupuo ana watoto wangapi. Katika dodoso la msingi lililotungwa London miaka ya 1970, swali hilo lilikatwa vipande. Kwanza, watoto wa kiume wangapi wanaishi nawe hapa? Wa kike wangapi? Kisha, wa kiume wangapi wako hai lakini wanaishi kwingine? Wa kike? Halafu linakuja lile zito: umewahi kuzaa mtoto aliyekuwa hai, akafariki baadaye? Mama akijibu hapana, mdadisi hageuzi ukurasa. Anauliza kwa upole kama hakuwapo hata aliyelia tu alipozaliwa, akaishi saa chache au siku chache. Mwishoni anajumlisha majibu yote, anamsomea mama jumla, na kumwuliza kama ndivyo ilivyo.

Kila kipande kina sababu yake. Mtoto anayelelewa kwa bibi yake husahaulika kwa urahisi mtu anapohesabu walio nyumbani. Binti aliyekwisha olewa huhesabiwa kwa mumewe. Kichanga aliyefariki kabla ya kupewa jina huenda hajatajwa mbele ya mgeni tangu siku alipozikwa. Aliyepanga maswali haya aliwaona wote watatu mapema, akamfungulia kila mmoja mlango wa kuingilia kwenye hesabu.

Kazi hiyo ilifanyika Grosvenor Gardens, karibu na stesheni ya Victoria. Hapo ndipo zilipokuwa ofisi za Utafiti wa Uzazi Duniani, ulioanzishwa mwaka 1972 na Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu kwa fedha za Umoja wa Mataifa na Marekani. Mtakwimu Maurice Kendall aliuongoza hadi 1980, na ulipofungwa mwaka 1984 ulikuwa umezifikia zaidi ya nchi 40 zinazoendelea. Kenya ilikuwa miongoni mwao. Idara yake kuu ya takwimu ilifanya utafiti huo mwaka 1977 na 1978, ikahoji zaidi ya wanawake 8,000. Walioingia vijijini walikuwa Wakenya, na takwimu zilikuwa mali ya Kenya. London ilitoa dodoso la kuanzia, wataalamu wa sampuli, programu za kompyuta na jicho la ukaguzi.

Ukaguzi huanzia mbali na kompyuta, kwenye njia ya vumbi. Baada ya kijiji kuchaguliwa, mwandishi wa orodha hufika na ramani ya eneo la kuhesabia watu, akaongozana na mzee wa kijiji anayejua mpaka unapita wapi. Wanatembea mlango hadi mlango. Kila nyumba inapewa namba kwa chaki, na jina la mkuu wa kaya linaandikwa. Nyumba iliyofungwa inaandikwa pia, na chumba cha uani kinachopangishwa kinaandikwa peke yake.

Orodha ikikamilika, hesabu ni nyepesi. Tuseme kaya ni 120 na zinatakiwa 24. Gawanya 120 kwa 24, unapata 5. Namba ya kuanzia inachaguliwa kwa bahati nasibu kati ya 1 na 5. Ikitoka 3, zitahojiwa kaya ya 3, ya 8, ya 13, na kuendelea hivyo mpaka ya 118. Ugumu unakuja mdadisi anapofika kaya ya 13 akakuta mlango umefungwa. Ya 14 iko wazi, na mama mwenyeji anamkaribisha kivulini. Haruhusiwi. Atarudi jioni, na akimkosa tena, atarudi kesho.

Sheria hiyo yaweza kuonekana ngumu bila sababu, lakini fikiria mama wa kaya ya 13 yuko wapi. Huenda yuko sokoni akiuza nyanya, au shambani, au amempeleka mtoto hospitali na kulazwa naye. Ukimbadilisha na jirani kila anapokosekana, utakuwa umewapima wanawake wanaoshinda nyumbani, kisha ukawaita wanawake wa nchi nzima. Uaminifu wa takwimu ya taifa unategemea miguu ya mtu anayerudi mara ya tatu kwenye mlango uleule.

Sasa mama amepatikana, mkeka umetandikwa, na kila mtoto anatakiwa kuwekwa kwenye mwezi na mwaka wake. Wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Hapa mdadisi anatoa kalenda ya matukio, karatasi iliyoandaliwa kabla ya safari, yenye mambo ambayo watu hawayasahau: Uhuru wa Desemba 1963, kuuawa kwa Tom Mboya Julai 1969, kuuawa kwa J. M. Kariuki Machi 1975, na chini yake mambo ya mahali penyewe, kama mwaka wa njaa au mwaka shule ilipofunguliwa.

"Mama, huyu wa pili alizaliwa kabla Mboya hajauawa, au baada?"

"Baada. Nilikuwa na mimba yake tulipozisikia habari."

"Ilikuwa imeshaonekana?"

"Hapana, ilikuwa changa."

Kwa majibu mawili mwaka umeanza kujitokeza. Mtoto alizaliwa mwishoni mwa 1969 au mwanzoni mwa 1970. Mdadisi mzuri hamtajii mama tarehe ili aikubali. Anampa alama za kushika, na mama mwenyewe anasogea kutoka moja hadi nyingine.

Madodoso yalipomaliza kukaguliwa mezani, yaligeuzwa kuwa kadi zilizotobolewa ili kompyuta ya wakati ule iweze kuyasoma. Tarehe zote zilibadilishwa kuwa hesabu ya miezi tangu mwanzo wa karne: Januari 1900 ni mwezi wa 1, na Desemba 1963 ni mwezi wa 768. Kwa njia hiyo maisha yote ya uzazi ya mama yanakuwa mstari mmoja wa namba, na umbali kati ya mtoto na mtoto unapatikana kwa kutoa tu. Tofauti ikiwa miezi 4, kuna kosa. Jumla ya watoto aliyoisema mama mwanzoni isipolingana na orodha ya majina, kuna kosa. Mhariri wa takwimu analirudia dodoso lenyewe, anausoma mwandiko wa mdadisi, anatafuta 1 iliyosomwa kuwa 7. Ni kazi ya kupembua mchele kwenye ungo: unatoa chuya, mchele wenyewe unauacha ulivyo.

Kuna pengo ambalo dodoso haliwezi kuliziba. Mama anajua mtoto wake wa tatu alizaliwa mwaka 1971, lakini mwezi haukumbuki. Kulijaza kwa kukisia ni hatari, maana wakisiaji hupenda Januari na Juni, na nchi nzima itaonekana kama inazaa katika miezi miwili. Wataalamu wa London walitunga utaratibu wa kulishughulikia, na ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wanaanza na majirani wa pengo. Mtoto wa pili alizaliwa Novemba 1970, yaani mwezi wa 851. Wa nne alizaliwa Agosti 1972, mwezi wa 872. Tukiweka miezi 9 ya mimba kila upande, wa tatu hawezi kuwa kabla ya mwezi wa 860 wala baada ya 863. Mwaka mzima umepungua hadi miezi minne, Agosti mpaka Novemba 1971. Ndani ya miezi hiyo minne tu ndipo kompyuta inachagua mmoja kwa bahati nasibu. Kisha, pembeni mwa tarehe, inawekwa alama inayosema: mwezi huu haukutajwa na mama, tumeujaza sisi. Alama hiyo inasafiri na takwimu popote zinapokwenda, ili mtafiti wa miaka mingi baadaye aweze kutenganisha neno la mama na kazi ya mashine.

Uangalifu huohuo uliongoza uchapishaji. Wanawake 24 wa kijiji kimoja wanachota maji kwenye kisima kimoja na kwenda zahanati moja. Maisha yao yanafanana, hivyo wanakufunza machache kuliko wanawake 24 waliotawanyika nchi nzima. Mtakwimu Vijay Verma na wenzake walitengeneza programu iliyoitwa CLUSTERS kupima ufanano huo umeongeza shaka kiasi gani, na kiasi cha shaka kikachapishwa pamoja na matokeo. Msomaji alipewa namba, akapewa na mipaka ya kuiamini.

Katika London hiyohiyo, eneo la Bloomsbury, mtaa wa Keppel, ndiko iliko Shule ya Afya na Tiba za Kitropiki ya London, jengo lenye mbu na viroboto waliopakwa dhahabu kwenye vizuizi vya roshani zake. Humo alifanya kazi William Brass, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1921 na kufariki 1999. Kabla ya hapo, kuanzia 1948 hadi 1955, alikuwa mtakwimu katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki. Alikutana huko na tatizo lililokuwa likiwashinda wengi: vifo vya watoto utavipimaje mahali ambapo havisajiliwi?

Jibu lake lilihitaji maswali mawili tu kwa kila mwanamke. Umezaa watoto wangapi? Wangapi wako hai? Wanawake hupangwa kwa umri wao, miaka mitano mitano. Chukua mfano wa kundi la miaka 30 hadi 34 ambalo limezaa watoto 4,000, na 600 wamefariki. Sehemu iliyopotea ni 0.15. Brass alionyesha kwamba sehemu hiyo, kwa kundi hilo la umri, iko karibu sana na uwezekano wa mtoto kufariki kabla ya miaka mitano; kwa kina mama wa miaka 20 hadi 24, iko karibu na uwezekano wa kufariki kabla ya miaka miwili. Linabaki sahihisho dogo. Pale wanawake wanapoanza kuzaa mapema, watoto wao wameishi muda mrefu zaidi na kukabili hatari zaidi, hivyo sehemu inapunguzwa kidogo. Pale wanapochelewa, inaongezwa. Namba ya kuzidishia inatokana na majibu yaleyale ya wanawake, kwa kulinganisha uzazi wa wadogo na uzazi wa wanaowafuata kwa umri. Hapakuhitajika tarehe wala cheti. Ilihitajika tu kwamba mama akumbuke wanawe, na mama huwakumbuka.

Mwaka 1989 Brass, pamoja na Wendy Graham na Robert Snow, alichapisha njia nyingine ya ukoo huo, iliyojaribiwa Gambia. Mwanamke aliyefariki kwa uzazi hawezi kuhojiwa, basi wanaulizwa ndugu zake: dada zako wangapi walifikia umri wa kuolewa, wangapi wamefariki, na wangapi kati yao walifariki wakiwa wajawazito, wakijifungua, au katika wiki chache baada ya kujifungua? Kwa kuwa mtu mmoja huweza kuwa na dada kadhaa, kila nyumba inaleta habari za maisha ya wanawake wengi.

Ufundi huu sasa umo katika tafiti za afya na idadi ya watu zilizofuata baada ya 1984, na zile za UNICEF za kaya kuhusu watoto na wanawake zilizoanza katikati ya miaka ya 1990. Kishikwambi kimechukua nafasi ya kadi, na kinamwonya mdadisi papo hapo miezi isipopatana, mama angali mbele yake. Mpangilio wa maswali umebaki uleule.

Matokeo yake yanasomeka. Kenya ya 1977 na 1978 ilikutwa na wastani wa watoto takriban 8 kwa kila mwanamke. Mwaka 1989 wakawa 6.7, na 2022 wakawa 3.4. Tanzania, utafiti wa 2004 na 2005 ulionyesha vifo 112 vya watoto chini ya miaka mitano kwa kila vizazi hai 1,000. Ule wa 2022, uliofanywa na ofisi za takwimu za Bara na Zanzibar, ulionyesha 43. Wakunga, chanjo na vyandarua vilifanya kazi ya kuokoa. Tumejua kwamba waliokolewa kwa sababu kina mama waliulizwa pia habari za waliokufa, na jibu lao likatunzwa lisipotoshwe.

Mwaka 2025 Marekani ilikata fedha za mpango wake wa tafiti za afya na idadi ya watu. Watu wanaoujua ufundi huu wapo Nairobi, Dodoma na Zanzibar, na wanaumudu. Serikali zetu zikipanga bajeti, zisianze kupunguza pale panapoonekana padogo: majuma ya mafunzo, siku za kuandika orodha ya kaya, mafuta na posho ya kurudi mara ya tatu. Tukiacha kuilipia ziara ya tatu, mama aliyelazwa hospitali na mwanawe hatahesabiwa, na mpango wa afya utaandikwa bila yeye.