Mita Mbili za Mwisho: Jinsi Jason Taumalolo Alivyoibeba North Queensland na Tonga

Watu wakimtaja Jason Taumalolo huanza na mwili wake. Ana zaidi ya kilo 110, mapaja mazito, na mabega ambayo mkabaji mmoja hawezi kuyazungushia mikono. Yote hayo ni kweli, lakini raga ya ligi ina wanaume wengi wa kilo hizo, na karibu wote husimamishwa pale pale wanapogongana na safu ya ulinzi. Ustadi uliomfanya Taumalolo kuwa fowadi bora wa kizazi chake uko katika mita mbili kabla ya kugongana na sekunde mbili au tatu baada yake. Hapo ndipo pa kumtazama.

Msomaji aliyezoea raga ya wachezaji 15 au 7 ajue kwanza kwamba mchezo huu wa wachezaji 13 una hesabu yake. Timu yenye mpira hukabwa mara sita, kisha huutoa kwa wapinzani. Kila mara mbebaji akiangushwa, husimama, huuweka mpira chini na kuuvingirisha nyuma kwa mguu, huku walinzi wakitakiwa kurudi mita 10. Kwa hiyo mkabo mmoja ni mbio mbili kwa wakati mmoja: mbebaji anataka kuinuka upesi, na walinzi wanataka kumlaza chini hadi wenzao wajipange upya. Akishinda mbebaji, shambulio linalofuata linawakuta walinzi wakiwa bado wanarudi nyuma. Wakishinda walinzi, linawakuta wamesimama na macho mbele.

Sasa mtazame Taumalolo, namba 13 mgongoni, akijiandaa kupokea. Anasimama mbali kidogo kuliko fowadi wengi, ili mpira umfikie akiwa tayari katika mbio. Halengi kifua cha mtu. Analenga ule upenyo kati ya mlinzi na mlinzi, mahali ambapo kila mmoja anadhani mwenzake ndiye atakayeanza. Akibakiza hatua mbili anapunguza mwendo kidogo mno, anakanyaga kwa upande, kisha anasukuma upya. Kwa mtu wa uzito wake, miguu hiyo ni ya ajabu. Mlinzi aliyekwisha kujipanga kumgonga kwa bega lake lenye nguvu anajikuta akimdaka kwa mikono, na mikono peke yake haimzuii mtu huyo.

Wakishagongana inaanza kazi ambayo kamera nyingi hazikai nayo. Watu wawili wanamshika juu, wa tatu anafuata miguu. Wengine hukubali kufikia hapo. Taumalolo anaendelea kupiga hatua fupi fupi, magoti juu, mwili ukijizungusha ili asibanwe mikono, na anajitahidi kuangukia tumbo badala ya mgongo. Jambo hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo la thamani zaidi. Aliyelala chali inambidi ageuke kwanza ndipo ainuke, ilhali aliyelala kifudifudi ana viwiko na magoti chini tayari. Katika klabu yake, North Queensland Cowboys, aliyefaidi zaidi alikuwa Jake Granville, namba 9 mwenye mbio, ambaye kila Taumalolo alipoinuka haraka aliuokota mpira na kukimbia moja kwa moja mbele ya walinzi waliokuwa bado wakirudi kinyumenyume. Mita za Granville zilikuwa na jasho la mwenzake ndani yake.

Ufundi huo haukuja siku moja. Taumalolo alizaliwa Auckland mwaka 1993 katika familia ya Kitonga, akahamia Townsville, kaskazini mwa Queensland, akiwa kijana, akasoma Kirwan State High School. Cowboys walimpa mechi ya kwanza ya NRL, ligi kuu ya mchezo huu nchini Australia, mwaka 2010 akiwa na miaka 17. Kwa misimu kadhaa alikuwa nguvu tupu iliyoingizwa uwanjani kwa muda mfupi. Chini ya kocha Paul Green alipata dakika na jukumu, na mwaka 2015 klabu hiyo ikatwaa ubingwa wake wa kwanza kwa kuishinda Brisbane Broncos 17-16 katika muda wa ziada. Bao la ushindi la mwenzake Johnathan Thurston ndilo linalokumbukwa, na ni haki likumbukwe.

Mwaka uliofuata NRL ilipunguza idadi ya mabadiliko ya wachezaji kutoka 10 hadi 8 kwa mechi. Wengi walidhani mafowadi wakubwa wangeumia, kwa kuwa wangekaa uwanjani zaidi wakiwa wamechoka. Naona ilimfaa Taumalolo kuliko mtu yeyote. Walinzi waliochoka ndio hasa wanaoanza kudaka kwa mikono, na yeye alikuwa na pumzi ya kuwafuata hadi hapo. Msimu huo wa 2016 aligawana na Cooper Cronk medali ya Dally M ya mchezaji bora wa mwaka, tuzo ambayo mara nyingi huwaendea wapangaji wa mchezo wanaogusa mpira kila dakika. Mapema 2017 klabu ikampa mkataba wa miaka 10, jambo lisilo la kawaida kabisa katika mchezo unaovunja miili hivi.

Msimu wa 2017 ndio ninaouona kuwa kilele chake. Thurston aliumia bega, fowadi Matthew Scott aliumia goti, na Cowboys wakaingia mchujo wakiwa wa nane, nafasi ya mwisho. Wakawatoa Cronulla, Parramatta na Sydney Roosters. Mechi baada ya mechi Taumalolo alikimbia zaidi ya mita 200 na mpira, na Michael Morgan akapanga mashambulizi juu ya msingi huo. Fainali iliwashinda, 34-6 mbele ya Melbourne Storm, klabu iliyowazoeza wachezaji wake mbinu za mieleka ili kumchelewesha mbebaji chini. Ilikuwa dawa sahihi, na ilitolewa na timu iliyoijua vizuri kuliko zote.

Siku chache baadaye Taumalolo akafanya uamuzi ulioutikisa mchezo mzima. Alikuwa ameichezea New Zealand, na nafasi yake katika kikosi cha Kombe la Dunia haikuwa na shaka. Akachagua Tonga, nchi ya wazazi wake, kwa malipo madogo zaidi. Andrew Fifita, propu aliyekuwa ameichezea Australia, akafanya vivyo hivyo. Kiufundi, kocha wa Tonga, Kristian Woolf, alipata kitu ambacho taifa dogo huwa nacho kwa nadra: wabebaji wawili wa daraja la juu kwa wakati mmoja. Ukiwapanga walinzi watatu kwa mmoja, wa pili anakuja kwenye mkabo unaofuata na walinzi wale wale hawajapata pumzi. Tarehe 11 Novemba 2017, mjini Hamilton, Tonga ilikuwa nyuma 16-2 wakati wa mapumziko. Ikaishinda New Zealand 28-22. David Fusitu'a, winga, alifunga trai tatu, na mtu anayetaka kuelewa zilivyopatikana asiishie pembeni mpira ulikoishia. Aanze katikati, ambako safu ya ulinzi ilikuwa imeshasukumwa na kubanwa.

Nusu fainali ya Kombe hilo dhidi ya Uingereza, mjini Auckland, ilionyesha pande zote mbili za shilingi. Tonga ilikuwa nyuma 20-0 hadi dakika za mwisho, kisha ikafunga trai tatu upesi upesi na kushindwa kwa 20-18, Fifita akipoteza mpira karibu kabisa na mstari. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Novemba 2019, katika uwanja wa Eden Park, Tonga iliifunga Australia 16-12. Australia haikuwa imeshindwa na nchi yoyote nje ya New Zealand na Uingereza tangu Ufaransa mwaka 1978.

Tangu 2020 mwamuzi huanzisha upya hesabu ya mikabo sita pale walinzi wanapochelewesha mpira chini. Mechi zikawa za kasi zaidi, vipindi vya kupumzika vikapungua, na chini ya kocha Todd Payten, aliyeanza 2021, dakika za Taumalolo zikaanza kupangwa kwa uangalifu. Wapo waliosema amekwisha. Mimi naona kazi imebadilika: kwa muda mfupi alio nao uwanjani, mpira unamfikia pale timu inapotoka karibu na mstari wake yenyewe, mikabo ya kwanza na ya pili, ambako kila mita ni ngumu na hakuna anayeshangilia. Mbio zimepungua kidogo. Hatua ile ya upande kabla ya kugongana bado ipo, na bado anaangukia tumbo.