Alama Moja, Majibu Matatu: Uhakiki wa Mgawanyo katika Lugha za Programu kwa Mfano wa Ngara na Biharamulo

Sehemu hii inahakiki uamuzi mmoja wa wabunifu wa lugha za programu: alama ya mkwaju itoe jibu gani inapogawanya namba kamili kwa namba kamili? Katika lugha ya C, 23/5 ni 4. Katika Python 3 ni 4.6. Mjadala uliozoeleka huuliza lipi kati ya majibu hayo ni sahihi. Mtafiti anaona kuwa swali hilo lina kasoro, kwani jibu hutegemea kitu kinachogawanywa.

Historia ya Ngara inalidhihirisha jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 waliokimbia Rwanda walivuka Rusumo na kuingia wilayani humo kwa siku chache. Katika kambi kama Benaco, kugawa lilikuwa suala la uhai. Chukulia mfano wa kubuni. Kilo 23 za maharage kwa familia 5 ni kilo 4.6 kila moja. Madumu 23 kwa familia hizo ni 4, baki 3. Watu 23 katika mahema ya watu watano wanahitaji mahema 5. Programu ikijibu 4, watu watatu hulala nje.

Mwanafunzi wa shule ya msingi Biharamulo huandika "4 baki 3", baki halipotei. C hulitupa kimyakimya. Utetezi kwamba C hufuata utendaji wa mashine una uzito, lakini hauondoi hatari hiyo. Pascal, iliyobuniwa na Niklaus Wirth, ilitenganisha mapema div na mkwaju. Python ilichelewa: toleo la 3 la mwaka 2008 ndilo lililofanya mkwaju utoe desimali, na kuiachia alama ya // mgawanyo wa namba kamili.

Hata hivyo, utengano huo haujakamilika. Namba inapokuwa hasi, −23//5 katika Python ni −5, ilhali C hutoa −4. Aidha, 4.6 haihifadhiki kikamilifu katika mfumo wa jozi. Zaidi ya yote, hakuna kati ya lugha hizi tatu iliyo na alama ya jibu la mahema, yaani kukadiria kwenda juu.

Kwa hiyo, ubora wa lugha katika suala hili upimwe kwa kigezo kimoja: je, inamlazimu mwandishi wa programu kutamka baki linakwenda wapi?