Kopo Moja la Vitofali

Niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: mimi ni mtu mzima, kazi yangu ni uashi, mvi zimeanza, na ninakusanya vitofali vya plastiki vya kuchezea watoto. Hapa Buyenzi kuna mama mmoja anauza caguwa ya midoli. Robota likifunguliwa, vitofali vinakuwa chini kabisa, kati ya magari yasiyo na matairi na wanasesere wasio na mikono. Anavipima kwa kopo la maziwa ya unga. Akiniona tu anaita, "Mzee Tofali, karibu, leo kuna vyekundu!" Wateja wote wanageuka kunitazama. Nimeshazoea.

Huu ni mwaka wa sita nachagua pale, na maoni yamejaa kichwani. Jarida letu huwa linachambua vitabu na nyimbo. Nimeomba nafasi nichambue mchezo, kwa sababu watoto wetu wengi hawana kitabu, lakini hakuna asiyecheza. Na chombo cha kuchezea kinasema jambo kama kitabu kinavyosema. Kinamwambia mtoto dunia ikoje na yeye yuko wapi ndani yake.

Kwa wasiovijua: nasema vile vitofali vya LEGO, vya kutoka Denmark. Ole Kirk Kristiansen alikuwa seremala wa Billund, na mwaka 1932 alianza kutengeneza midoli ya mbao. Jina lenyewe limetoka kwenye maneno mawili ya Kidenmaki, maana yake "cheza vizuri". Karakana yake iliungua mwaka 1942 akaanza upya, kama wafanyabiashara wetu walivyoanza upya baada ya soko kuu la Bujumbura kuungua Januari 2013. Plastiki ilikuja baadaye. Kitofali tunachokijua leo, chenye vinundu juu na vimirija ndani, kiliombewa hataza tarehe 28 Januari 1958. Cha mwaka ule kinashikana na kilichotoka kiwandani juzi.

Sifa ya kwanza ndiyo hiyo, na naisema kama fundi. Matofali yangu ya kuchoma hayalingani hata yakitoka tanuri moja: la katikati limeiva, la pembeni bado. Ninayasawazisha kwa saruji, au kwa udongo mwenye nyumba akiwa hana pesa. Kwenye vitofali hivi hakuna saruji. Kipimo ndo saruji. Vya kuigiza vimejaa sokoni, vina rangi ileile, na ukitaka kuvijua, jenga ukuta wa safu kumi, shika safu ya juu, inua. Ukuta wote ukikufuata mkononi, ni vyenyewe. Nusu ikibaki chini, umeuziwa sura tu. Mimi sivitupi hata hivyo. Navipanga safu za chini, ambako havibebwi, vinabeba.

Sifa ya pili ni kwamba vinafundisha bila kugomba. Mtoto akipanga kimoja juu ya kimoja kama nguzo za kuni, ukuta unafunguka katikati. Akiweka cha juu kikalia viwili vya chini, unasimama. Sheria hiyo mimi niliipata kwa kukemewa miezi miwili na fundi aliyenifundisha kazi kule Uvira. Binti yangu wa miaka tisa aliipata asubuhi moja, amekaa kwenye mkeka, hakuna aliyemfokea.

Sifa ya tatu ni hesabu, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Chukua vitofali viwili vya vinundu vinane, vya rangi moja. Vinaungana kwa namna 24. Chukua vitatu: namna 1,060. Chukua sita. Kampuni yenyewe kwa miaka mingi ilitangaza kwamba sita vinaungana kwa namna milioni 102 na zaidi. Halafu mwanahisabati wa Denmark, Søren Eilers, akagundua kwamba hesabu ile ilihesabu minara tu, yaani kila kitofali juu ya mwenzake hadi urefu wa sita. Walisahau maumbo mafupi yanayotanuka pembeni. Alipohesabu yote kwa kompyuta akapata 915,103,765. Mwenye kiwanda hakujua kitofali chake kinaweza nini! Hilo nimeliweka moyoni, tutalirudia mwishoni.

Sasa lawama. Ya kwanza ni sanduku. Siku hizi vitofali vinauzwa kwa sanduku lenye picha: kituo cha polisi, meli ya maharamia, ngome. Ndani kuna kijitabu kinachosema kipande hiki hapa, kile pale, na mwishoni unapata kilekile cha kwenye picha. Kazi ni safi, sikatai, na waliobuni ni mafundi kunishinda. Lakini umejenga nyumba ya mtu mwingine. Mimi kazini ndivyo ninavyofanya kila siku, najenga nyumba za watu na jioni narudi kwenye chumba cha kupanga. Sitaki mtoto aanze hivo. Bahati yetu Buyenzi ni kwamba vitu vinatufikia bila sanduku. Ngome na meli na kituo cha polisi vimechanganyika ndani ya kopo moja, na hakuna anayejua kipande kipi kilikuwa cha nini. Nasema wazi: kopo la yule mama ni bora kuliko sanduku jipya la dukani.

Lawama ya pili ni watu. Vile vijitu vidogo vyenye miguu ya kukunja na mikono ya kushika vilianza mwaka 1978, na polisi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa. Tangu siku hiyo polisi hawajakosekana. Uso wao ulikuwa wa njano, macho mawili ya nukta na tabasamu, basi. Kampuni ilisema njano si rangi ya taifa lolote, kwa hiyo ni ya kila mtu. Mimi nilikuwa nabisha. Ikiwa ni ya kila mtu, mbona ilipofika mwaka 2003 na wakataka kutengeneza wachezaji wa kikapu wa NBA, njano haikutosha, ikabidi weusi wawe weusi? Walijua muda wote. Baadaye walifanya vizuri zaidi: mwaka 2017 wakatoa seti ya wanawake wa NASA, na mmoja wao ni Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kufika angani. Mwaka 2016 walitoa kijana aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Huyo nilimwonyesha mtoto wa jirani kwenye picha ya simu. Baba yake anatembelea baiskeli ya mikono. Akaangalia sana, akauliza, "Mnyororo uko wapi?" Kiti chao ni cha kusukumwa, au cha kwenda kwenye sakafu laini. Hakijawahi kupanda barabara yetu mvua ikinyesha.

Na lile tabasamu! Hadi mwaka 1989, maharamia walipotoka na ndevu na jicho lililofunikwa, karibu vijitu vyote vilikuwa vinacheka namna moja. Nilikuwa nasema: hawa ni watu wa nchi ambayo hakuna kilichowapata. Polisi anacheka, mwizi anacheka, zimamoto anacheka nyumba ikiungua. Nikaamua kwamba vitofali ni kazi kubwa na vijitu ni takataka. Nilivitenga kwenye soksi kuukuu.

Hukumu hiyo ilidumu mpaka siku binti yangu alipoipata soksi. Niliporudi kutoka kazini niliwakuta watano uani, wawili ni wa wenye nyumba, Warundi, watatu ni wetu. Walikuwa wamepanga vijitu kumi na moja mstari mmoja mbele ya meza ya vitofali. Nyuma ya meza alisimama polisi, na kijana wa mwenye nyumba alikuwa anamsemea kwa sauti nzito: "Kadi! Kadi iko wapi? Rudi kesho!" Kila aliyeambiwa arudi kesho alipelekwa mwisho wa mstari. Walikuwa wamebadilisha vichwa, kofia ya zimamoto ilikuwa juu ya nywele za mwanamke, na kiwiliwili cha mwanaanga kilikuwa na miguu ya mpishi.

Nikauliza, kwa kuwachokoza, "Sasa hawa mbona wanacheka, na wako foleni tangu asubuhi?"

Binti yangu akanijibu bila kuinua macho, "Baba, hawa majina yao yametoka kwenye orodha."

"Wote?"

"Wote."

"Na polisi anachekea nini?"

Wakatazamana. Mdogo wao kuliko wote ndiye aliyejibu: "Huyo hana haraka."

Nilikaa chini. Miaka yote nilidhani tabasamu lile limeshasema kila kitu, na kumbe mtoto halisomi, analijaza. Kwa hiyo narudisha nusu ya maneno yangu. Kuhusu njano, nabaki nilipo, mtoto anastahili kujiona. Kuhusu tabasamu, nilikosea. Uso mtupu ule ni kama kitofali cha vinundu vinane: hausemi ni wa nini. Wale wapya wenye nyuso mbili kichwani, mbele hasira na nyuma hofu, watoto wa uani kwetu hawawapendi. Walimgeuza mmoja mara mbili tatu, wakamwacha awe mlinzi wa choo.

Neno kidogo kuhusu silaha, kwa sababu wafanyakazi wa mashirika huniuliza. Kampuni ina msimamo wa kutotengeneza magari ya vita ya siku hizi, na mwaka 2020 iliondoa ndege ya Osprey kabla haijaanza kuuzwa, kwa sababu ndege halisi ni ya jeshi. Mapanga ya ngome na bastola za maharamia zimebaki. Naunga mkono msimamo huo, nusu mkate si sawa na njaa. Ila msidanganyike. Mtoto aliyeisikia bunduki akipewa kipande chenye umbo la kona ataishika bunduki. Nimeona. Nimeona pia kwamba bunduki ya vitofali ikianguka inavunjika, na mtoto akianza kuikusanya, mara nyingi harudishi bunduki. Anapata kitu kingine njiani. Msimnyang'anye. Ngojeni ianguke.

Hapa sasa nazungumza na nyinyi mnaofanya kazi kambini, na nazungumza kwa heshima. Najua mchezo hauonekani mdogo tena hata kwa wenye pesa. Desemba 2019 LEGO Foundation ilitangaza dola milioni 100 kwa mradi wa PlayMatters, unaoongozwa na IRC, ili watoto wakimbizi na wenyeji wao wajifunze kwa kucheza huko Uganda, Tanzania na Ethiopia. Sisi wa Burundi hatumo kwenye orodha hiyo, lakini mifuko ya michezo hutufikia kwa njia nyingine.

Mfuko mmoja ulifika kambi anakoishi dada yangu. Ulikuwa na vipande 400, na karatasi iliandika hivyo: vipande 400. Basi kila jioni vikahesabiwa. Siku ya tisa vikapatikana 389. Mchezo ukasimamishwa hadi vipande kumi na moja virudi. Havikurudi. Mfuko ukafungiwa kabatini, na kabati likapata funguo. Nilipokwenda kuwatembelea nilimuuliza mpwa wangu kama vitofali bado vipo. Akasema, "Vipo, mjomba. Vinalindwa."

Simlaumu aliyefunga. Yeye ametia sahihi chini ya namba, na siku mkaguzi akija, namba ndiyo inayomtetea. Namlaumu aliyeandika karatasi, kwa sababu hakukijua kitu alichokiandikia. Kitabu kikikosa kurasa kumi na moja kimeharibika. Mpira ukipasuka umekwisha. Seti ya sanduku ikikosa vipande kumi na moja, ile meli haitaisha kamwe. Lakini vitofali vya kopo vikipungua havijaharibika kitu. Rudini kwenye hesabu ya yule Mdenmaki: vitofali sita tu, namna zaidi ya milioni 915. Mkipoteza vipande 394 kati ya 400, bado mtoto hatazimaliza namna hizo hadi anakufa mzee. Na vile kumi na moja vilivyopotea havijatoka duniani. Viko chini ya kitanda fulani, ndani ya mfuko wa sare, na usiku kuna mtoto anavijenga gizani.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na halina gharama. Mkipata vitofali, msichukue masanduku yenye picha. Ombeni vilivyochanganyika, hata vikuukuu. Vijitu viwemo, vya rangi zote za watu. Na kwenye karatasi msiandike "vipande 400". Andikeni "mfuko mmoja". Jioni mkaguzi akiuliza, mwonyesheni mfuko: huo hapo, mmoja.

Mimi Jumamosi nitakuwa kwa yule mama. Amenitumia ujumbe kwamba kuna robota jipya, na safari hii anasema kuna vya kijani.