Kuitambua Rigresheni Safi ya Makundi Mawili

Kulinganisha makundi mawili kwa rigresheni huonekana kazi ndogo: kundi moja lipewe 0, jingine 1, kompyuta imalizie. Ubora wake unajulikana kwa kukagua. Tuchukue mtcars, data wanayofundishiwa wanatakwimu wengi: magari 32 kutoka jarida la Motor Trend la Marekani la 1974, 19 ya otomatiki na 13 ya gia za mkono.

Kwanza, tazama sifuri ni nani. Hapa otomatiki ni 0. Namba ya kuanzia ni 17.15, wastani wa maili kwa galoni wa kundi hilo. Kizidishi cha kiashiria, yaani ile 0 au 1, ni 7.24, yaani magari ya gia za mkono yanaongoza kwa maili hizo. Ripoti isiyotaja sifuri ni nani haisomeki.

Pili, dai ncha zote mbili za makadirio. Kwa uhakika wa asilimia 95, pengo hili ni kati ya 3.64 na 10.85. Anayeandika 7.24 peke yake ameficha nusu ya jibu.

Tatu, na hapa ndipo ustadi ulipo, uliza kama vinavyolinganishwa vinafanana. Magari ya otomatiki humu ni mazito: wastani wa pauni 3,770 hivi, na yale mengine 2,410. Ingiza uzito kwenye mlinganyo, na pengo lote linayeyuka hadi -0.02.

Usiridhike bado. Mlinganyo huo umelazimisha mistari ya makundi mawili, ya maili kwa uzito, iwe sambamba. Zidisha kiashiria kwa uzito, kila kundi lipate mteremko wake, nayo mistari inakatana karibu na pauni 2,800: chini ya hapo gia za mkono zinabana mafuta zaidi, juu ya hapo otomatiki. Ile -0.02 ilifunika mielekeo miwili inayopingana. Sasa kizidishi cha kiashiria kinaruka hadi 14.88, lakini hilo ni pengo la gari lenye uzito sifuri, gari lisilokuwepo. Mjuzi huhesabu uzito kuanzia wastani wake, ndipo namba hiyo ipate maana.

Mwisho, pima hitimisho. Magari haya hayakugawiwa gia kwa kura, kwa hiyo data inaonyesha tofauti, haithibitishi kwamba gia ndiyo chanzo. Kazi bora hukwambia pengo ni la nani, katika hali gani, na kwa uhakika kiasi gani. Ikikosa kimojawapo, irudishe kwa mwenyewe.